Bunduki ya ndovu inapopunguzwa makali

Umewahi kuona zile video za jamaa anayefyatua bunduki kubwa ya kuwindia, kisha anajipata ameketi mavumbini, kofia kule, miwani huku? Bila shaka ulicheka, ukamtumia beshte yako. Sasa fikiria huyo jamaa aliinunua kwa pesa zake mwenyewe, na anataka kuimudu.

Chukua .458 Winchester Magnum. Ilitoka Marekani mwaka wa 1956, na bunduki ya kwanza kuitumia, Winchester Model 70, iliuzwa kwa jina “African”. Kazi yake ilikuwa ndovu na nyati. Inarusha risasi ya gramu 32 kwa kasi ya zaidi ya mita 600 kwa sekunde, na teke lake begani si mchezo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Leo nyingi za bunduki hizo zimo makabatini Marekani, mbali kabisa na ndovu.

Maumivu ni shida ndogo. Shida kubwa ni kwamba mwili unajifunza. Baada ya kupigwa mara kadhaa, jicho linafumba na bega linaruka kabla kidole hakijamaliza kuvuta. Unakosa shabaha, na huwezi kujidanganya eti hukuogopa.

Ndiyo maana wengine wanajijazia risasi zao nyumbani. Wanaokota maganda yaliyotumika, wanaweka baruti kidogo, na juu yake risasi waliyoyeyusha na kuimimina kwenye kalibu. (Kiswahili kina lake hapa: madini yenyewe tunayaita risasi, na kinachotoka mtutuni pia ni risasi.) Malighafi? Hata vile vipande vinavyobandikwa kwenye rimu ukipeleka gari kubalansi magurudumu. Madini haya ni laini. Yakikimbizwa sana yanaganda ndani ya mtutu, kwa hivyo mwendo wa pole ndio unaoyafaa. Zikipunguzwa hadi karibu mita 400 kwa sekunde, bunduki ya ndovu inakuwa kama .45-70 ya wanajeshi wa Marekani wa 1873. Bado inaua paa vizuri tu, ila bega linapona.

Ungedhani risasi dhaifu ndiyo salama zaidi. La hasha! Ganda la .458 ni kubwa, na baruti kidogo inajaza pembe tu. Ukipigiwa simu katikati ya kazi, unaweza kumimina mara ya pili kwenye ganda lilelile na usione tofauti. Hapo bunduki inaweza kupasukia usoni mwako. Ukiweka kidogo mno, risasi inakwama katikati ya mtutu, na ile inayofuata inaigonga kwa nyuma. Tena si kila baruti inakubali kupunguzwa. Nyingine zimewahi kuvunja bunduki kwa sababu tu zilikuwa kidogo. Anayekisia badala ya kufuata kitabu cha watengenezaji wa baruti anacheza na macho yake.

Halafu kuna sumu. Waulize wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, jinsi madini haya kutoka betri kuukuu yalivyoharibu afya ya watoto wao. Mtu anayeyeyushia jikoni anaileta sumu hiyohiyo mezani.

Na usije ukapata mawazo, buda. Sheria ya Bunduki ya Kenya haikuruhusu kuwa hata na risasi moja bila cheti.

Huko Marekani, walio makini hupanga maganda yote kwenye kibao, wazi, kisha humulika tochi ndani ya kila moja kabla ya kuliziba. Uwanjani, mlio ukitoka hafifu, hawarudii kufyatua. Wanasubiri kidogo mtutu ukielekea shabahani, wanaifungua bunduki, wanatoa kilichomo, na kuchungulia kama mwanga unapenya hadi upande wa pili.