Projekta imefifia? Angalia haya kabla hujanunua mpya

Kama una projekta nyumbani na siku hizi Simba na Yanga wanaonekana wamevaa jezi za rangi moja, habari hii inakuhusu.

Kwa mjomba wangu Matemwe, Kaskazini Unguja, ukuta mmoja wa uani umepakwa chokaa nyeupe kwa kazi moja tu: mpira wa usiku na filamu za wikiendi. Projekta aliinunua mjini miaka kadhaa iliyopita, ikiwa imeshatumika. Majamvi yanatandikwa, majirani wanakuja, king'amuzi kinachomekwa, mambo yanaenda. Lakini nilipokwenda safari hii picha ilikuwa imefifia mpaka mpira wenyewe huuoni, unajua tu ni goli kwa sababu watu wanashangilia.

"Mpwa wangu, hii imeshazeeka. Nimeona mpya kwenye simu, imeandikwa lumeni elfu tisa," akaniambia. Pesa zilikuwepo. Ila zilikuwa za kuezeka banda la nyuma kabla ya mvua za masika.

Nikamwomba asubiri siku mbili.

Kinachozeeka ni nini hasa?

Projekta haizeeki yote kwa pamoja. Ndani yake kuna taa, kuna feni na chujio la hewa, na kuna kile kinachotengeneza picha yenyewe: ama vioo vidogo vya LCD, ama chipu ya DLP yenye maelfu kwa maelfu ya vioo vya kuakisi mwanga. Taa imetengenezwa ili ibadilishwe. Chujio linasafishwa. Kinachotengeneza picha kikiharibika, mara nyingi gharama ya kukibadilisha inakaribia bei ya mashine nyingine.

Kwa hiyo swali la kwanza si "ina miaka mingapi?" Ni "kipi kimechoka?"

Anza na taa. Ingia kwenye menyu, tafuta sehemu ya taarifa, utaona saa ambazo taa imewaka. Taa za kawaida huhesabiwa saa 3,000 hadi 5,000 kwa mwanga kamili, na zaidi ya hapo ukitumia hali ya kubana umeme. Namba hiyo haimaanishi taa itazimika siku hiyo. Ina maana mwanga utakuwa umeshuka hadi karibu nusu. Na kwa kuwa unashuka polepole, macho yanazoea. Unakuja kushtuka baada ya miaka.

Piga hesabu ya kwako. Anayeangalia saa 2 kila usiku, taa ya saa 4,000 itamfikisha miaka mitano na zaidi. Mwenye kibanda umiza anayewasha saa 8 kwa siku ataimaliza kwa siku 500, yaani mwaka mmoja na miezi minne hivi.

Tahadhari moja kwa walionunua mtumba: kihesabio cha saa kinaweza kurudishwa sifuri kwa rimoti tu, hata kama taa haijabadilishwa. Kwa mjomba menyu ilisema saa 1,900. Sikuiamini, na wewe usiamini.

Jaribio la ukuta mweupe

Hili halihitaji fundi. Subiri giza, unganisha simu au kompyuta, weka picha nyeupe tupu, halafu angalia ukuta wote taratibu.

Ukiona mduara wenye ukungu unaobadilika unapozungusha fokasi, hilo ni vumbi. Linasafishika. Ukiona vidoti vyeupe kama nyota ambavyo haviondoki, na kila mwezi vinaongezeka, basi vioo vya chipu ya DLP vinakufa. Na ukiona doa la njano au la buluu linalobaki palepale hata baada ya kusafisha lenzi, ndani ya mfumo wa LCD kuna sehemu imeungua kwa joto. Taa mpya haitaliondoa doa hilo. Litaonekana vizuri zaidi, basi.

Kwa mjomba tulikuta la njano, kona ya chini kulia, ukubwa wa sahani.

Kabla ya kuhukumu tukafungua chujio la hewa. Jamani. Vumbi la makuti, mchanga mweupe wa Matemwe, na sisimizi waliokauka. Feni ilikuwa inavuta hewa kupitia blanketi. Tukalisafisha kwa brashi laini, tukafuta lenzi kwa kitambaa cha miwani, tukawasha tena. Picha haikurudi kuwa mpya, lakini ile tabia ya kujizima dakika ya 40 ikaisha. Ilikuwa inajizima kwa sababu ya joto.

Pwani ina sheria zake

Kijitabu cha projekta kimeandikwa kwa ajili ya sebule yenye madirisha yaliyofungwa. Matemwe iko mbele ya bahari inayoelekea kisiwa cha Mnemba. Kaskazi na kusi zote zinaleta unyevu na chumvi, na chumvi inakula viungio vya ndani taratibu bila wewe kuona kitu.

Cha kufanya ni rahisi. Ikishapoa kabisa, iweke kwenye boksi lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usiifunike nailoni ikiwa bado ya moto. Chujio lisafishe kila mwezi, usingoje onyo.

Halafu umeme. Unguja inategemea nyaya zinazopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Walioishi hapa wanakumbuka Mei 2008, kisiwa kilipokaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Waya mkubwa zaidi, wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Lakini projekta haihitaji giza la mwezi ili iharibike. Umeme ukikatika ghafla, taa iko kwenye joto kali na feni imesimama. Joto halina pa kwenda. Ndiyo maana UPS ndogo ya kuipa feni dakika chache za kupooza ina faida kuliko vitu vingi utakavyouziwa dukani. Ukitumia jenereta, weka stabilaiza.

Ukinunua mpya bila kurekebisha haya mawili, ile mpya itakufa kifo kilekile.

Ile ya lumeni elfu tisa

Nilisoma maelezo yake. Imeandikwa 4K kwa herufi kubwa, lakini chini kabisa, kwa maandishi madogo, uwezo wake halisi ni pikseli 1280 kwa 720. "Inapokea 4K" maana yake inakubali picha hiyo halafu inaipunguza. Kwenye mwanga, tafuta lumeni za ANSI au kipimo cha ISO 21118. Kama kipimo hakijatajwa, hiyo 9,000 ni mapambo.

Za leza ni nzuri kweli. Nyingi hutajwa kudumu saa 20,000, ambazo kwa saa 8 kila siku ni karibu miaka 7. Lakini ni ghali, na chanzo cha mwanga kikifa hubadilishi mwenyewe kama taa. Kama mnaangalia ndani, mko sita au saba, maoni yangu ni kwamba TV kubwa ina maana zaidi: haihitaji giza, na kwa kawaida inakula unit chache za Tukuza. Projekta inabaki kuwa ya watu wengi na ukuta mkubwa.

Tulichoamua

Kama doa lisingekuwepo, ningemwambia anunue taa halisi tu, kisha arudishe kihesabio sifuri. Kwa doa lile, taa mpya ni pesa iliyotupwa. Lakini kununua mashine nyingine leo pia hakuna haraka, maana hii bado inaonyesha.

Mjomba ataitumia mpaka taa ife. Nilimwonya asiisukume sana: taa iliyopitiliza inaweza kupasuka, na ndani yake kuna zebaki. Ikitokea, watu watoke, chumba kipitishe hewa, watoto wasiguse vipande. Ikianza kumetameta au kugoma kuwaka, siku zake zimekwisha.

Mwanga tuliupata bure. Picha ilikuwa inchi 120. Tukasogeza projekta mbele mpaka ikawa inchi 100, na kwa kuwa eneo limepungua, mwanga kwenye ukuta unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Watoto walilalamika kwamba TV imekuwa ndogo. Shangazi akawaambia wasogee mbele na wao.

Mabati ya banda yamefika Jumatano.