Maji Moto, Askari wa Mkorosho Asiyelipwa

Anayepanda mkorosho Newala kupogoa matawi, akakutana na maji moto, hashuki kwa hiari yake. Chungu hawa wekundu huuma kwa taya, kisha humwagia asidi palepale penye jeraha. Ndiyo maana wengi huwachoma moto au kuwapulizia dawa. Kwa maoni yangu, huko ni kumfukuza askari asiyedai mshahara.

Kuanzia Juni hivi, mikorosho ya Masasi na Newala inapotoa majani machanga na maua, adui wawili huingia shambani. Wa kwanza ni mbu wa mikorosho, ambaye si mbu hata kidogo bali ni jamaa ya kunguni. Huchoma mdomo wake kwenye chipukizi laini, akatema mate yenye sumu. Doa jeusi hutokea, na baada ya muda ncha ya tawi hukauka pamoja na maua yake. Wa pili ni kunguni wa minazi, anayefyonza korosho changa na kuacha mashimo meusi hadi kwenye kokwa. Jina lake la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, linamkumbuka M. J. Way, aliyechunguza chungu wa minazi Zanzibar miaka ya 1950.

Wadudu hao wana mwili laini na hula mahali pa wazi, kwa hiyo ni windo jepesi kwa maji moto. Utafiti uliofanyika kwenye mikorosho ya Mkoa wa Pwani ulionyesha kuwa miti yenye maji moto wengi hushambuliwa kidogo kuliko isiyo nao.

Tazama maji moto wanavyojenga viota. Hujipanga mstari, wakauma kingo za majani mawili na kuyavuta yakutane. Jani likiwa mbali, hushikana viuno hadi walifikie. Kisha wengine huleta viluwiluwi wa kundi lao, wakiwashika kwa taya na kuwapitisha huku na huko kati ya kingo. Nyuzi zinazoshona majani hutoka kwa watoto hao. Mkubwa hana hata uzi mmoja. Kundi moja lina malkia mmoja tu, lakini viota vyake huweza kutapakaa kwenye miti kadhaa.

Ulinzi huo si wa bure kabisa. Maji moto hufuga wadudu wadogo wenye magamba wanaofyonza utomvu wa mti na kutoa majimaji matamu, na huwalinda wasiliwe. Mkorosho hupoteza utomvu kiasi, lakini huokoa maua. Mapatano haya hayana hata umri mrefu: chungu ni mwenyeji wa Afrika, ilhali mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16.

Hasimu mkubwa wa maji moto yuko ardhini. Ni chungu mdogo wa kahawia, Pheidole megacephala, mwenye askari wa vichwa vikubwa, anayewavamia kuanzia shina la mti. Uchunguzi uliofanyika Tanzania umeonyesha kuwa ardhi ikiachwa tupu bila majani, huyu wa chini hupata nguvu na kuwafukuza maji moto. Majani yakiwepo, maji moto humudu kushikilia miti. Palizi ya kufagia shamba zima ina gharama ambayo wakulima wengi hawaihesabu. Kufyeka tu na kusafisha chini ya mti karibu na mavuno kunatosha, maana korosho huokotwa chini. Kwa sababu hiyohiyo, maji moto wa juu hawamsumbui sana mwokotaji.

Maji moto hawazuii ubwiriunga. Huo ni ukungu, na salfa bado inahitajika. Ila dawa ya wadudu ni habari nyingine, kwani huua mbu wa mikorosho na mlinzi wa mti kwa pamoja. Kabla ya kujaza bomba msimu huu, pita mti kwa mti uhesabu viota. Miti yenye viota hai na machipukizi yasiyo na madoa meusi, iache. Pulizia ile iliyoshambuliwa tu.