Kisanduku Kinachokumbuka Siku Kumi na Moja

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie habari za kile kisanduku cheusi kilicho juu ya kabati dukani. Watu huiogopa kamera ya mlangoni, lakini kamera zile za waya huona na kupitisha tu. Kinachokumbuka ni kisanduku, nacho huitwa DVR.

Tuseme duka lina kamera nne. Kila moja ina waya wake unaoingia kwenye tundu lake nyuma ya DVR, ndiyo maana utakuta za kamera 4, 8 au 16. Umeme unaoletwa na waya hugeuzwa kuwa tarakimu, kisha kisanduku kinaanza ubahili wake, na hapo ndipo ninapopapenda. Kila sekunde zinaweza kuingia picha 25. Ukuta haujasogea, mizani iko palepale. Ya nini kuyaandika hayo mara 25? Kinahifadhi picha moja nzima, halafu kinaandika yaliyobadilika tu: mkono ulionyooshwa, kuku aliyekatiza.

Hata hivyo, kamera moja inayotumia megabiti 2 kwa sekunde hula zaidi ya gigabaiti 21 kwa siku. Kamera nne zitaijaza diski ya terabaiti 1 siku ya kumi na mbili. Hapo DVR haisimami: inafuta ya zamani kuliko zote na kuandika ya leo juu yake. Aliyeibiwa akanyamaza mwezi mzima atakuta patupu. Nakili tukio kwenye flashi mapema!

Unaweza kukiamuru kirekodi pale tu kitu kinaposogea. Lakini hakimjui mwizi, kinajua mabadiliko. Tawi la mwembe likipepea usiku kucha, kitalirekodi usiku kucha, kwa hiyo fundi hukionyesha sehemu ya picha ya kuangalia na ya kupuuza. Vingi hata huweka akiba ya sekunde chache zilizopita, ili mtu akitokea, tuone pia alikotokea.

Jambo ambalo watu wazima hulisahau mno ni saa. Kila picha hupigwa muhuri wa tarehe na saa, na tukio hutafutwa kwa muhuri huo. Saa ikiwa imekosewa, utatafuta mpaka uchoke. Na shahidi akikwambia ilikuwa saa tatu usiku, kwenye DVR nenda 21:00.