Injini Mpya, Lori Kuukuu: Ufunguo Anao Nani?

Yapo mambo ambayo mfanyakazi akiyasikia huyadhania kuwa ni ya mabingwa waliosoma ng'ambo, wala hayamhusu yeye mwenye mikono ya grisi. Mojawapo ni kompyuta ya injini. Leo twapenda kulizungumza jambo hilo hadharani, kwani kila lori kuukuu linalotiwa injini ya kisasa laleta swali moja gerejini: fundi aliyeifunga injini ile, je, ana amri juu yake, au ni mpagazi tu aliyeibeba kutoka gari hili hadi lile?

Zamani swali hili halikuwapo. Injini ya petroli ya miaka ya 1960 ilikuwa na kabureta ya kuchanganya hewa na mafuta, na distribyuta ya kugawa moto wa plagi. Fundi akitaka kuirekebisha alishika bisibisi, akasikiliza mlio, akazungusha skrubu robo mzunguko, akasikiliza tena. Maarifa yote yalikuwa katika sikio lake na ncha za vidole vyake. Na injini ikihamishwa, kazi ilikuwa ya chuma: vishikio, mabomba, kebo ya mafuta na waya mbili tatu. Ikifungwa sawasawa, iliwaka.

Tuchukue mfano ulio wazi, nao watoka Marekani, kwa sababu huko mafundi wameifanya kazi hii mara nyingi mno hata siri zake zimekwisha kuanikwa juani. Lori dogo la Chevrolet C10 la miaka ya 1967 hadi 1972 ni gari la wakulima na la mafundi, lenye chasisi nene na injini ya kabureta. Tangu malori ya mwaka 1999 kampuni ya General Motors ilianza kutumia injini nyingine ya silinda 8 yenye ujazo wa lita 5.3, iitwayo LM7, ikaendelea nayo hadi 2007. Injini hizo zilitengenezwa kwa wingi mkubwa, na malori yaliyozibeba yalipochakaa zilijaa katika yadi za vyuma vikuukuu. Bloku yake ni ya chuma cha kalibu, haivunjiki kwa urahisi. Mwenye C10 yake akiiona huitamani, akiitamani huinunua.

Kazi ya chuma haimshindi. Atachomelea vishikio vipya. Atatafuta pampu ya umeme, maana pampu ya zamani ilisukuma petroli kwa nguvu ya pauni zisizozidi 7 hivi kwa kila inchi ya mraba, na hii mpya yataka pauni 58. Hata mpangilio wa kuwaka silinda si ule aliouzoea. Ule wa kale ulikwenda 1-8-4-3-6-5-7-2, na huu waenda 1-8-7-2-6-5-4-3. Hayo yote hushikika kwa mkono. Fitina huanza siku ya kuwasha. Anageuza ufunguo, injini yanguruma, uso wa fundi wang'aa; kisha baada ya sekunde mbili hivi yazima. Anarudia: yanguruma, yazima. Atakagua mafuta, atakagua waya, atamlaumu aliyemwuzia. Na kumbe hakuna kilichoharibika.

Katika lori ilikotoka, kitasa cha ufunguo kilikuwa kikizungumza na kompyuta ya bodi, na kompyuta ya bodi ikiipelekea kompyuta ya injini neno la siri. Neno lisipofika, mafuta hukatwa. Waliokusudiwa ni wezi, na hatuna ugomvi na hilo. Lakini kisanduku kile hakijui kumtofautisha mwizi na mtu aliyenunua injini kwa jasho lake, akapewa na risiti. Bodi ya zamani imebaki yadi, na neno la siri limebaki nayo.

Dawa yake si spana. Yampasa fundi aingie ndani ya kompyuta na kuyaandika upya yaliyomo. Basi tuone ni kitu gani hicho, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Ni kisanduku cha aluminiamu kinachochukulika kwa mkono mmoja, chenye soketi mbili, na kila soketi ina nafasi 80 za waya. Toleo lililo maarufu sana miongoni mwa mafundi, la miaka ya mwanzo ya injini hizi, lina kumbukumbu ya kilobaiti 512 tu; picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo aghalabu yaishinda kwa ukubwa. Mwake mna mambo mawili. Kuna programu, yaani amri za namna ya kupiga hesabu, na kuna majedwali ya namba ambayo hesabu hiyo huyategemea.

Majedwali hayo ndiyo sikio la fundi wa zamani, lililochukuliwa na kuandikwa kwa tarakimu. Kwenye krenkishafti limefungwa gurudumu la meno 24, na sensa iliyo kando yake huyahesabu meno yanapopita, hivyo kompyuta hujua injini yazunguka kwa kasi gani. Sensa nyingine hupima hewa inayoingia, nyingine joto la maji. Kompyuta hutazama jedwali: kwa kasi hii na mgandamizo huu, silinda imevuta hewa kiasi gani? Ikishapata jibu hupima petroli, na gari likienda mwendo wa kawaida hulenga kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Jedwali jingine laeleza cheche iruke digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu. Jingine, feni ya umeme iwake joto likifika wapi. Jingine, giaboksi ibadili gia lini.

Kila namba iliandikwa kwa ajili ya gari fulani, na C10 si gari hilo. Mathalani, kompyuta hujua mwendo kwa kuhesabu mizunguko ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, kisha kugawa kwa namba ya difu na kuzidisha kwa ukubwa wa tairi. Ikiwa imeandikwa kwamba difu ni 3.73, na difu ya lori hili kuukuu ni 4.11, basi lori likienda kilometa 100 kwa saa kompyuta itaamini kwamba laenda 110. Giaboksi inayotawaliwa na kompyuta hiyo nayo itabadili gia wakati usiofaa, na dereva aliyepakia mzigo atalaumu giaboksi isiyo na kosa.

Namna ya kuandika ni hii. Kuna soketi ya matundu 16 ambayo sheria ya Marekani ililazimisha iwemo katika magari yote madogo ya mwaka 1996 na baada yake. C10 haina, kwa hiyo fundi huifunga mwenyewe, akaunganisha kompyuta ya mkononi kwa kifaa maalumu. Kwanza husoma yote yaliyomo na kuhifadhi nakala. (Asiyehifadhi nakala atajuta, wapo waliojuta.) Ndipo huondoa sharti la neno la siri, akasahihisha difu na tairi, akapanga feni. Kisha huandika, nazo ni dakika chache za roho juu, kwa sababu betri ikilegea katikati ya kazi, au waya ukichomoka, kompyuta yaweza kubaki na nusu ya maneno, isielewe la zamani wala jipya. Fundi mwenye busara hufunga chaja kwenye betri, huzima redio na feni, na hamruhusu mtu kuufungua mlango wa gari ati anatafuta kofia yake.

Hapa yapasa tuseme kweli bila kuficha. Maarifa hayo hayo hutumiwa vibaya. Kuna watu wanaong'oa kichujio cha moshi wakauza madini yake, halafu wakaiandikia kompyuta uongo kwamba moshi ni safi. Sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970, pamoja na marekebisho yake, yakataza kuharibu vyombo hivyo, na wauzaji wa vifaa vya hila wametozwa faini nzito. Nasi twaona ni haki. Injini ya LM7 iliyohamishwa pamoja na vichujio vyake na sensa zake hutoa moshi safi kuliko ile ya kabureta iliyoondolewa. Ikinyang'anywa vyombo hivyo, wanaovuta moshi ni watoto wa watu wanaokaa kandokando ya barabara, na hao si matajiri.

Lakini hila za wachache zisifanywe kisingizio cha kuwafungia mlango wote. Mwaka 1998 Marekani ilitunga sheria ya hakimiliki iliyokataza kuvunja kufuli za programu, na kompyuta za magari zikaingia katika wavu uliofumwa kwa ajili ya filamu na muziki. Shauri lilipoletwa mwaka 2015, makampuni makubwa, General Motors ikiwamo, yalipinga wenye magari wasiruhusiwe. Kampuni ya matrekta ya John Deere ilieleza kwamba anayenunua trekta hupata kibali tu cha kuitumia programu iliyomo kwa muda wa maisha ya trekta. Fikirini, ndugu: mkulima amelipa trekta hadi senti ya mwisho, chuma ni chake, tairi ni zake, deni la benki ni lake, lakini akili ya mashine ni ya bwana mwingine!

Wenye magari na mafundi hawakunyamaza. Oktoba mwaka huo Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kutoa ruhusa hizo, ilikubali kwamba mwenye gari aweza kufungua programu kwa kutengeneza au kwa mabadiliko yaliyo halali, na ruhusa ikaanza kufanya kazi mwaka 2016. Hata hivyo ilikuwa na ila: ilimtaja mwenye gari, fundi akaachwa nje, kana kwamba kila mwenye lori ana gereji nyumbani. Ila hiyo ilisahihishwa mwaka 2018. Na vita havijaisha, kwa sababu kompyuta za magari ya miaka ya karibuni hukagua sahihi ya siri kabla ya kukubali tarakimu mpya, na ruhusa ya karatasi haiivunji sahihi hiyo.

Mambo haya yatuhusu sisi pia. Injini zilizotumika huletwa kwetu kutoka Japani, na kule Gerezani, Dar es Salaam, wazinunua wenye magari waliokwisha kuchoka na injini ya kwanza. Injini ya dizeli yenye pampu ya kutawaliwa kwa umeme haitofautiani na LM7 kwa tabia: bila kompyuta yake ni chuma cha kuuzwa kwa kilo. Mafundi wetu wengi wamejifunza hayo kwa kuumia, wakitumia kompyuta iliyookotwa kwenye gari jingine au kukata waya wa hapa na kuunga wa pale. Wengine humpelekea kisanduku mtu wa mjini mwenye kifaa, wakalipa anachotaka, wasione alichoandika. Huo ndio upagazi tuliousema. Kifaa kimoja chaweza kuwa ghali kwa fundi mmoja, lakini mafundi kumi wa mtaa mmoja wakichanga watakimiliki pamoja na kufundishana. Na vyuo vya VETA vinavyofundisha umakanika vifundishe kusoma majedwali kama vinavyofundisha kupima vali.

Wakati huo ukingojewa, anayenunua injini ya namna hii asiondoke na chuma peke yake. Adai kisanduku cha kompyuta kilichotoka gari lile lile, waya zake zote zisizokatwa, soketi ya kusomea, na pale inapowezekana kitasa na ufunguo wake. Kama injini ni ya pedali ya umeme, adai na pedali. Aombe iwashwe mbele yake na aiache ingurume zaidi ya dakika moja kabla hajahesabu fedha. Halafu aipeleke kadi ya gari kwa wahusika wabadilishe namba ya injini, maana askari wa barabarani akiikagua, namba atakayoisoma ni ile iliyogongwa kwenye bloku.