Stendi ya Kuzunguka kwa Wauzaji wa Shanga

Mikufu ikirundikwa mezani, nyuzi hushikana na mteja huona michache tu. Stendi ya mbao inayozunguka humwonyesha yote akiwa amesimama mahali pamoja. Seremala yeyote wa jua kali anaweza kukuundia, au uiunde mwenyewe hivi:

1. Kitako: Tumia ubao mzito, sentimita 45 kila upande.

2. Mhimili: Fundi wa kuchomelea aunganishe chuma cha milimita 12, chenye urefu wa sentimita 12, na kibati chenye matundu. Kifunge katikati ya kitako kwa skrubu, kisha uvishe chuma hicho washa.

3. Nguzo: Kata mbao ya inchi 2 kwa 2, urefu wa sentimita 60. Toboa chini yake tundu la milimita 13, lenye kina cha sentimita 13. Tundu lipite ncha ya chuma ili nguzo ikae juu ya washa.

4. Mikono: Funga pau mbili za sentimita 40 karibu na kilele, zikipishana kama msalaba. Toboa kwanza, mbao isipasuke. Piga msasa, kisha ufunge kulabu.

Gawa mzigo sawa pande zote. Mikufu ikielemea upande mmoja, upepo huiangusha stendi, nyuzi zikakatika na kazi ya siku nyingi ikamwagika chini.

Iweke ndani ya mpaka wa kibanda chako, njia ya wanunuzi ibaki wazi.