Jinsi injini ya mashua inavyokingwa dhidi ya baridi kali

WAVUVI wa Ziwa Victoria huteremsha mashua zao majini mwezi wowote wa mwaka bila kuhofia kwamba maji yataganda usiku.

Mambo ni tofauti katika Ziwa Superior lililo mpakani mwa Marekani na Kanada, ambalo ndilo ziwa pekee la maji matamu linaloizidi Victoria kwa ukubwa wa eneo.

Katika jimbo la Minnesota, linalopakana na ziwa hilo na ambalo ni makao ya Wakenya wengi, baridi ya Januari huweza kushuka hadi nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sufuri na hata zaidi. Maziwa madogo ya jimbo hilo hufunikwa na barafu kwa miezi kadhaa, nazo mashua huhifadhiwa nchi kavu hadi majira ya kuchipua.

Kabla ya kuhifadhiwa, sharti injini ikingwe. Mwenye mashua akipuuza kazi hiyo ya saa chache, huenda akalazimika kununua injini mpya kwa maelfu ya dola.

Kiini cha tatizo ni maji yenyewe. Injini nyingi zilizofungwa ndani ya mashua hazina rejeta kama ya gari, bali huvuta maji ya ziwa ili kujipoza na kuyatema pamoja na moshi. Injini inapozimwa, maji mengine husalia katika vijia vyake.

Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Aliyewahi kusahau chupa ya soda ndani ya friza anajua matokeo yake. Nguvu iyo hiyo hupasua chuma cha kusubu kilichoundiwa injini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ubaya wa ufa huu ni kwamba haugunduliwi mara moja. Huenda mwenye mashua akautambua miezi mingi baadaye, pale anapoona mafuta ya injini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa kuchanganyika na maji.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni kutia dawa ya kuhifadhi petroli katika tangi, kisha kuendesha injini kwa dakika kadhaa ili petroli hiyo ifike kila mahali. Injini ikiwa ingali na joto, mafuta machafu humwagwa na chujio lake kubadilishwa, kwa sababu mafuta yaliyotumika huwa na asidi zinazokula chuma.

Hatua ya pili ni kufungua vizibo vyote vya injini na kuyaacha maji yatiririke. Mafundi huchokoa matundu hayo kwa waya, kwani mchanga na kutu huweza kuziba njia na kuyazuia maji ndani.

Baada ya vizibo kurudishwa, injini hunyweshwa kiowevu kisichoganda upesi. Kiowevu hicho huvutwa na pampu kutoka katika ndoo hadi kitokee kwenye bomba la moshi kikiwa na rangi yake, ambayo aghalabu ni ya waridi.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Injini ikiwa baridi, themostati huwa imefungwa. Kiowevu hupitia njia ya mkato na kutoka nje bila kufika katikati ya injini, naye mwenyewe, akiona rangi ya waridi, hudhani kazi imekamilika. Endapo maji hayakuondolewa kwanza, yatabaki papo hapo na kuganda. Ndiyo maana mafundi makini humimina kiowevu moja kwa moja kupitia mipira ya injini.

Aidha, tarakimu zilizoandikwa kwenye chupa hupotosha. Kiowevu kinachodaiwa kuhimili nyuzi 46 chini ya sufuri huanza kuwa kama uji wa barafu mapema kuliko hapo, ila hakipasui mabomba. Kikichanganyika na maji, uwezo wake hupungua.

Sumu tamu

Viowevu hivi havilingani kwa usalama. Ethilini glaikoli, inayotumiwa sana katika magari, ni sumu yenye ladha tamu. Kiasi kidogo tu huweza kuharibu figo na kumuua mbwa au mtoto. Kwa hivyo mashua hutiwa propilini glaikoli, ambayo sumu yake ni ndogo mno. Hata hivyo, hiyo nayo haifai kumwagwa ziwani, kwani inapooza hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji.

Injini za kuning'inizwa nyuma ya mashua, zinazofahamika sana na wavuvi wetu, zina nafuu. Nyingi hujimwaga maji zenyewe zikisimamishwa wima, na kwa kawaida hazihitaji kiowevu hicho. Sharti tu mafuta ya gia yakaguliwe, kwa kuwa maji yaliyopenya humo huganda na kupasua sanduku lake.

Mwishowe betri hutolewa na kuchajiwa. Iwapo kuna kizibo kilichoachwa nje, hutiwa katika mfuko na kufungwa kwenye usukani. Atakayeshika usukani huo majira ya kuchipua hatakuwa na budi kukiona kabla ya kuiteremsha mashua, kwa sababu injini yenye tundu wazi huingiza maji ya ziwa ndani ya chombo badala ya kuyazungusha.