Mashauri Kabla ya Matembezi ya Watoto

Wazazi wafundishao watoto wao kwa pamoja, nje ya saa za skuli, hawakosi kutofautiana ikaribiapo siku ya matembezi. Tuseme wazazi wa Mnazi, kule tambarare chini ya milima ya Usambara, wamekutana barazani. Mmoja ataka watoto wapande hadi mjini Lushoto; wa pili ataka wakaone wanyama wa Mkomazi, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Mama mjane amenyamaza, kwani nauli hana. Kulimaliza jambo kwa kuhesabu mikono ni wepesi, lakini sisi hatuyaiti hayo mashauri. Aulizwe kwanza aliyenyamaza.

Nanyi vijana, someni habari za Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625). Mtume (S.A.W.) alipendelea kubaki Madina, wengi, hasa vijana, wakataka kutoka. Akaifuata rai yao, akavaa deraya. Walipojuta na kumwachia hiari, hakuivua. Msiba uliowapata Waislamu siku ile haukutokana na kushauriana: wapiga mishale wengi waliacha mahali walipowekwa. Na ni baada ya msiba huo ndipo Mtume alipoamrishwa, katika Sura Aali Imran, aya ya 159, ashauriane nao!

Basi baba ambaye rai yake haikufuatwa asimfungie mwanawe nyumbani asubuhi ya safari. Nauli ya yule yatima ichangwe kimyakimya, na safari ingoje masika yapite.